Aliyegundua kwanza ni msusi

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa na upara wa ukubwa wa kiganja juu ya sikio la kushoto, na kila aliyeuona nilimpa maelezo yake. Mama nilimwambia ni mapunye. Walimu wenzangu niliwaambia dawa ya nywele iliniunguza. Mume wangu hakupata maelezo yoyote, kwani mtandio nilikuwa nauvua taa ikishazimwa.

Nilikuwa nanyonyoa mwenyewe. Usiku nikisahihisha madaftari, mkono wa kulia una kalamu nyekundu, wa kushoto unapekua kichwani kutafuta unywele mgumu kuliko wenzake. Nikiupata nauvuta, nauangalia kama umetoka na kile kijifundo cheupe cha shinani, napata unafuu wa sekunde mbili tatu, kisha natafuta mwingine. Nikija kushtuka, madaftari yako palepale na sakafu imejaa nywele.

Hospitali nilikwenda. Nikapewa griseofulvini, dawa ya fangasi, ingawa kichwa hakikuwa na magamba wala muwasho. Nikazimeza zote huku nikijua hazinihusu. Shangazi naye akaniletea kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, nikanywa. Simlaumu yeyote kati yao, maana kila aliyeniuliza nilimdanganya.

Msusi sikuweza kumdanganya. Alizishika nywele, akainama sikioni wateja wengine wasisikie: “Mwalimu, hizi hazijadondoka. Kila moja ina urefu wake. Unazing’oa, eeh?” Nililia pale pale kitini, kichwa nusu kimesukwa.

Daktari wa ngozi alisema karibu maneno yaleyale. Alopesia areata, ugonjwa wa nywele kudondoka zenyewe, alinieleza, huacha duara laini kama ganda la yai. Mapunye huacha magamba. Kwangu palikuwa na vinywele vilivyokatika, virefu na vifupi, kama shamba lililofyekwa na mtoto. Akaniandikia barua niende kwa daktari wa magonjwa ya akili, na barua ile ilikaa kwenye mkoba wangu miezi minne.

Nilipokwenda, daktari yule, mwanamama, hakunihubiria. Aliuliza: umewahi kujaribu kuacha, mara ngapi? Kuna mahali huendi kwa sababu ya hili? Unang’oa kwa kuwa unaona nywele zako zina kasoro, au kuna sauti inakuamuru? Halafu: unazimeza? Nilikuwa nang’ata ncha tu, nikatema. Akanieleza kwamba nywele hazisagiki tumboni, zikikusanyika zinaweza kuwa bonge la kutolewa kwa upasuaji.

Jina la tatizo ni trikotilomania. Kwenye kadi aliandika F63.3, namba yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa. Nyumbani nikatafuta maana yake, nikakuta jirani zangu: F63.0 kamari, F63.1 kuchoma moto, F63.2 wizi. Kundi zima linaitwa matatizo ya mazoea na misukumo. Niliona nimetukanwa. Mimi nafunga Ramadhani yote katika joto la Tanga, sionji hata tone la maji mchana kutwa. Kujizuia nakujua. Iweje unywele mmoja unishinde?

Nilirudi na swali hilo nikiwa nimenuna. “Mwanangu,” akasema, “orodha hiyo ilipitishwa 1990.” Toleo jipya la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limenihamisha mtaa: sasa niko karibu na wanaosumbuliwa na mawazo ya kujirudia, nyumba moja na wanaojichubua ngozi. Kamari nayo imepelekwa kwa uraibu. Nilicheka, na tangu hapo nikaanza kumsikiliza.

Kazi ya kwanza ilikuwa daftari: kila nikinyonyoa niandike saa, mahali na nilichokuwa nafanya. Wiki moja ilitosha kunionyesha kwamba karibu mara zote nilikuwa kwenye meza ile ile, kiwiko cha kushoto kimeegemea, kichwa kimelalia kiganja. Basi mkono ukianza kupanda, nikunje ngumi niishikilie dakika moja, hadi hamu ipite. Njia hiyo wanasaikolojia Azrin na Nunn waliiandika huko Marekani mwaka 1973. Mimi niliongeza plasta kwenye kidole gumba na cha shahada, kwa kuwa kidole chenye plasta hakiujui unywele mgumu. Na madaftari nikayahamishia barazani, penye watu.

Lililokuwa gumu ni kumwambia mume wangu. Alinyamaza kidogo, akauliza afanye nini. Nilimwomba asiseme “acha”, neno hilo hunizidishia. Siku hizi akiniona nimezama hunigusa kiwiko tu, anapita zake.

Nywele ziliota hadi kufika urefu wa kidole. Kisha ikaja mitihani ya moko ya kidato cha nne, karatasi mia na zaidi, usiku wa siku tano, na upara ukarudi, mdogo kama sarafu. Nilikwenda kusuka nikiwa na aibu zangu. Msusi alipafikia, akapaona, akahamisha njia ya msuko ipite pembeni, akaendelea na hadithi yake ya bei ya mkaa.