Nimehamisha blogu, vyombo bado viko mlangoni

Haya wadau, kama mnaisoma hii ujue imekubali, nipo kwenye nyumba mpya.

Wa zamani mnajua mi nilikuwa Blogspot tangu 2009, enzi zile kila mtu Bongo ana blogu, nyuma rangi nyeusi, maandishi ya njano, pembeni saa inazunguka na chini kidude cha kuhesabu wageni. Ankal Michuzi, mwanablogu maarufu wa Bongo, alikuwa ameshaanza yake tangu 2005 na kila mmoja wetu alijua kabisa kwamba ndani ya miezi sita na yeye atakuwa Ankal wa watu. Yangu ikaenda ikaenda mpaka 2014 hivi ikasinzia, Instagram ikaimalizia. 2018 zilipokuja zile kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni, ukijumlisha ada ya maombi na leseni na ile ya kila mwaka unakuta milioni mbili na laki moja, wenzangu kadhaa walifunga kwa uchungu, mi yangu ilikuwa imeshakufa yenyewe kwa uvivu.

Sasa juzi mpwa wangu kaniuliza anko hivi kweli ulikuwa unaandika mtandaoni kabla ya TikTok? Nikamfungulia. Akacheka ile saa inayozunguka mpaka nikaona aibu. Ndo nikasema basi, nahama.

Nikaanza kuzunguka kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Medium nikaichungulia, kumbe ya Evan Williams, jamaa yule yule ambaye kampuni yake ilitoa Blogger, ndo hiyo hiyo Blogspot yangu, 1999 kabla Google hawajainunua 2003, baadaye akawa mmoja wa walioanzisha Twitter, yaani kazi yake huyu bwana ni kutujengea vijiwe tu. Substack nayo inasifiwa lakini ile imekaa kibarua barua, unaandika inamfuata mtu kwenye imeili yake, mi sitaki kumfuata mtu, anayetaka aje mwenyewe. Nikaangukia WordPress.

Na hapa watu wengi wanachanganya, hata mi nilipoteza jioni nzima, kwa sababu WordPress ziko mbili. Kuna programu yenyewe, ile aliyoianzisha Matt Mullenweg 2003 akiwa na miaka 19 pamoja na Muingereza mmoja Mike Little, hiyo unapakua bure alafu unatafuta mwenyewe pa kuiweka na jina unalilipia, ni kama kununua kiwanja ujenge. Na kuna ile ya .com unajisajili unaingia siku hiyo hiyo, upangaji huo, na jina la mwenye nyumba linabaki kwenye anwani yako mpaka ulipie. Mi nimepanga. Kiwanja baadaye.

Kuhamisha vitu kwenyewe hakukuwa kugumu nilivyodhani. Blogger inakupa faili lenye posti zote na komenti zote, unalichukua unalipandisha huku, unaenda kunywa chai. Nimerudi nimekuta posti 212 zimepangwa na tarehe zake za zamani, nikatabasamu. Alafu nikaona lebo, yale maneno ya kupanga posti kwa mada. Kumbe miaka yote ile nilikuwa na "Mapenzi", "mapenzi", "MAPENZI" na "Mapenz", na kila moja imekuja huku na familia yake. Nimefuta mpaka saa sita usiku. Na kitu kingine, picha zinaonekana vizuri tu, ila nilipoangalia anwani zake nikakuta baadhi bado zinachomoza kule kule kwenye blogu ya zamani, kwa hiyo ukihama usije ukafuta ya kule kabla hujakagua, utabaki na maboksi meupe.

Kuandika sasa. Tangu mwisho wa 2018 hawa WordPress unaandika kwa bloku, kila aya ni tofali lake, ukigonga enta linazaliwa jingine, na unaweza kulibeba ukalipeleka juu au chini. Kwa mtu wa kompyuta sawa. Mi naandikia kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, mkono mmoja bombani, mwingine kwenye simu, dereva kashika breki pale Manzese kidole kikateleza, nafika Kivukoni naisoma, naona stori inaanza na mwisho wake. Na kibodi ya simu nayo niliisahau kwenye Kiingereza kwa hiyo kila "kama" imekuwa "karma". Posti nzima ya mapishi ya kisamvu ikawa ya dini ya Wahindi.

Alafu nikafanya la kufanya. Nilitaka kuhifadhi rasimu nikagusa chapisha. Posti yenyewe ilikuwa "jaribio jaribio moja mbili" kama MC anayepima maiki ukumbini, na watu 19 walioshajiandikisha wakatumiwa kwenye imeili muda huo huo. Shangazi yangu mwalimu mstaafu akanipigia kabla sijashuka kwenye gari: "Mwanangu, umeibiwa simu?" Shikamoo shangazi, ni mimi mwenyewe. "Basi na hiyo moja mbili iko wapi tatu?"

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni komenti. Zimekuja zote, hata za kina Anony, wale wasioweka jina. Kuna posti moja ya 2012 niliandika "nilisubiri gari Ubungo masaa mawili", na Anony mmoja akaniandikia chini, mdau sema saa mbili, masaa ni Kiswahili cha wapi? Na mi kwa ujana nikamjibu aanzishe blogu yake. Jana nimeisoma nikajisikia vibaya, jamaa alikuwa anasema kweli, nikaingia kwenye posti nikarekebisha: "nilisubiri gari Ubungo saa mbili". Nikaisoma tena. Sasa inaonekana kama nilikuwepo Ubungo ile saa mbili, na hata haijulikani ya asubuhi au ya usiku.

Nimerudisha masaa. Anony kama bado upo, nisamehe tena.