Nilivyoezeka upya ghala la saruji Tanga

Ghala langu liko Tanga, si mbali na bahari, na mzigo wangu ni saruji. Saruji ikipata unyevu inaganda mfukoni, na hapo hakuna wa kuinunua.

Kabla ya kununua chochote nilipanda ngazi na fundi tukakagua paa la zamani. Katikati ya kila bati palikuwa pazima bado. Kutu ilianzia kwenye vichwa vya misumari, kwenye kingo zilizokatwa na pale mabati yanapopandiana, kwani chumvi hujificha humo na maji hayakauki upesi. Nikajua fedha iende wapi.

Wauzaji wengi watakuanzia na geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Ni kweli, geji 28 ni nene kuliko 30, nami nilichukua 28. Lakini huku mwambao mimi naangalia mpako kwanza. Nilitaka bati lenye mpako wa aluminiamu na zinki, gramu 150 kwa mita ya mraba, nikaomba yote mawili, geji na mpako, yaandikwe kwenye ankara.

Misumari niliikataa kabisa. Mbao ikikauka na upepo ukitikisa, misumari inalegea. Tulifunga skrubu zenye washa ya mpira, juu ya mgongo wa bati, zikakazwa kiasi cha mpira kubanwa tu bila kutokeza pembeni. Kwenye kingo na pembe za paa, ambako upepo hunyanyua zaidi, papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, tulizisogeza karibu karibu, na kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zikafungwa kwa vyuma hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta.

Fundi wangu alipanga mabati kuanzia kaskazini kwenda kusini, ili maungio yaupe mgongo upepo wa kusi, unaotoka kusini. Hilo halikuongeza hata shilingi. Grenda haikupanda juu, maana cheche zake huunguza mpako. Walikata kwa mkasi wa bati, na kila jioni wakafagia chenga za chuma zisilale na umande zikaacha madoa ya kutu.

Kibali nilikiomba mapema halmashauri ya jiji, kazi ikafanyika Januari na Februari, kabla ya masika. Tuliezua nusu kwanza, saruji ikakaa nusu nyingine.

Matunzo hayana gharama: nazibua gata, na chini ya upenu, ambako mvua haifiki kuosha chumvi, napiga maji ya bomba.