Wanaomtafuta Bigfoot na Shida ya Kuaminiana
Tangu nihamie jimbo la Washington, Marekani, nimekuwa nikiingia msituni na kikundi cha watu wanaomtafuta Bigfoot, kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayefanana na sokwe na anayesemekana kuishi misituni, kwa muda wao wenyewe, na kinachonisikitisha ni jinsi wanavyofichana mambo. Mtu akiona unyayo mkubwa, huumwagia plasta na kuupiga picha, kisha hukataa kuwaambia wenzake ni bonde gani, kwa kuhofia kwamba watamtangulia, au hata kwamba watakwenda kuchonga nyayo za bandia.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Mkandarasi wa barabara Ray Wallace alipofariki mwaka 2002, familia yake ilionyesha miguu ya mbao na kusema ndiyo iliyoacha nyayo kubwa zilizoonekana Bluff Creek, California, mwaka 1958. Na mwaka 2008 wanaume wawili wa jimbo la Georgia walitangaza mzoga waliodai ni wa Bigfoot, ambao ulipoyeyushwa barafu ulionekana kuwa vazi la mpira. Hata hivyo, naamini kwamba usiri huwaumiza waaminifu kuliko walaghai, kwa sababu unyayo ambao mpinzani hakuukagua papo hapo, kabla mvua haijaufuta, haumthibitishii mtu chochote. Juzi nilimsihi mwenzetu mmoja atupeleke kwenye nyayo alizoziona, pamoja na kikundi tunachoshindana nacho. Amekubali, na tunakwenda Jumamosi.