Kioo Kilichowaka kwa Sekunde Mbili

Kilikuwa kioo cha kompyuta cha inchi 19, cha zile taa nyembamba za mirija zilizotumika kabla ya LED kuenea, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Ukikiwasha, picha inatokea safi kabisa, inakaa kama sekunde mbili, kisha giza. Taa ndogo ya kijani pale kwenye kitufe inabaki inawaka. Ukizima na kuwasha tena, mambo ni yaleyale. Mama mdogo alikuwa akikitumia kwenye duka lake la kuchapa barua na kutoa kopi kule Majengo, Dodoma, na fundi mmoja alikuwa ameshamwambia kimekufa, anunue kingine. Ilikuwa Oktoba 2018, joto na vumbi kama Dodoma ilivyo kabla ya mvua. Alikuja nacho nyumbani Ipagala amekifunga kwenye khanga.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba. Hebu nitazamie hiki kabla sijakitupa."

Kioo kinachotoa picha safi, hata iwe kwa sekunde moja, hakijafa. Picha ile inakuambia kwamba waya unaotoka kwenye kompyuta ni mzima, bodi inayopokea picha ni nzima, na kioo chenyewe kinachora. Kinachozimika ni taa zilizo nyuma yake. Kuthibitisha hilo hakuhitaji kifaa cha gharama. Tulifunga mapazia, nikamwita mtoto wa mama mdogo, wakati huo yuko kidato cha tatu, ashike tochi. Giza lilipoingia nikamwambia aisogeze tochi karibu kabisa na kioo na amulike kwa ubavu, asimulike moja kwa moja.

"Kaka, naona! Maandishi yapo, ila yamefifia sana."

Aliona majina ya mafaili, akaona hata saa kwenye kona ya chini. Hapo nilijua pa kwenda. Tungekuta mistari ya rangi imesimama wima kutoka juu hadi chini, ningemwambia mama mdogo anunue kingine kweli, kwa sababu utepe unaobandikwa kiwandani kwenye ukingo wa kioo hautengenezeki mezani nyumbani. Taa ya kijani ingekuwa inakonyeza bila picha kabisa, ningeshuku pawa saplai, sehemu inayogawa umeme ndani ya kioo, kwamba inajaribu kuanza na kushindwa. Picha ingeanza na wekundu kwa dakika kadhaa ndipo ikae sawa, hiyo ni mirija iliyochoka.

Nikamweleza kijana sababu ya zile sekunde mbili, maana ndizo zilizobeba siri yote. Mirija ile haiwaki kwa umeme wa kawaida. Kuna sehemu ya bodi iitwayo inveta inayochukua volti 12 hivi na kuzipandisha hadi zaidi ya 1,000 ili mrija ushike moto, kisha zinashuka hadi mia kadhaa mrija ukishawaka. Inveta hiyo inapima mkondo unaopita kwenye mirija. Zile volti 12 zikiyumba, au mrija mmoja ukivuta umeme tofauti na wenzake, inazima yote ili bodi isiungue. Kwa hiyo giza lile lilikuwa ulinzi unaofanya kazi yake. Kilichobaki ni kujua umeme unayumbishwa na nini, na kwa vioo vya umri ule jibu la kwanza huwa kapasita, vile vikopo vidogo kwenye bodi vinavyohifadhi umeme na kuulainisha.

Kapasita za pawa saplai zina majimaji ndani. Joto linayakausha polepole, na yakipungua, kapasita inashindwa kulainisha umeme, nayo yenyewe inazidi kupata moto na kukauka upesi zaidi. Nyingi huandikwa nyuzi 105 na hupewa uhai wa saa 2,000 kwenye joto hilo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha joto kwa nyuzi 10, uhai unazidishwa mara mbili. Kapasita inayokaa kwenye nyuzi 85 inapata kama saa 8,000. Duka linalofungua saa kumi kwa siku linazimaliza kwa siku 800, yaani miaka miwili na kidogo. Ukiishusha hadi nyuzi 65, unafika saa 32,000. Kioo cha mama mdogo kilikuwa kimeegemezwa ukutani na matundu yake ya nyuma yamezibwa na vumbi jekundu, kwa hiyo joto halikuwa na pa kutokea.

Tulikilaza kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa. Skrubu za mguu kwanza, kisha fremu ya mbele. Fremu haina skrubu. Imeshikwa na vibanio vya plastiki pande zote nne. Bisibisi bapa inaichana, kwa hiyo nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda, nikaanzia katikati ya upande wa chini ambako plastiki inakubali kupinda, nikaitembeza hadi vibanio vikaachia kimoja kimoja. Vitufe vya kuwashia viko kwenye fremu hiyo, vimeunganishwa na kiwaya chembamba. Mtu akiivuta fremu kwa nguvu, kiwaya hicho ndicho kinachokatika, na baada ya hapo kioo hakiwaki hata ukitengeneza kila kitu kingine. Waya za mirija zina plagi ndogo pembeni, kwenye kioo kile zilikuwa nne. Unashika plagi yenyewe, huvuti waya. Kisha unachomoa utepe wa picha, unafungua skrubu za bati la kukinga, na bodi mbili zinatokea: ndogo ya picha, na kubwa ya pawa saplai ikiwa pamoja na inveta.

Hapo nilimwambia kijana arudi nyuma hatua moja. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa na dayodi unafika kama volti 325, na unahifadhiwa kwenye kapasita moja kubwa iliyoandikwa volti 400 au 450. Kuchomoa waya ukutani hakuiondolei kapasita hiyo umeme wake. Kwenye pawa saplai mbovu umeme huo unaweza kukaa muda mrefu kuliko unavyodhani. Wapo wanaoigusisha miguu yake kwa bisibisi ilie paa! Hiyo inaunguza ncha, inaweza kuumiza kapasita, na cheche ikiruka karibu na jicho ni hatari. Mimi hutumia rezista, kipande kinachozuia umeme usipite kwa kishindo, ya ohmu 2,200, wati 5, iliyounganishwa kwenye waya mbili zenye mpira mzuri. Unaishikilia kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde chache, kisha unapima kwa mita. Mita ikisoma chini ya volti 5, ndipo mkono unaingia. Lazima upime, hata kama una hakika.

Kijana ndiye aliyeyaona magonjwa kabla sijamwonesha. Kapasita nzima ina kichwa bapa, chenye mikato ya msalaba iliyowekwa makusudi ili ipasukie hapo ikizidiwa. Tatu zilikuwa zimevimba kichwa, mbili za maikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) 1,000 volti 16, na moja ya maikrofaradi 470 volti 25, zote zimepangwa kando ya bati la kupozea, mahali penye joto kuliko pote kwenye bodi. Moja ilikuwa imeshaanza kutoa utomvu wa kahawia juu. Ule ute mgumu wa rangi ya maziwa au kahawia ulioganda chini ya kapasita, mara nyingi ni gundi tu ya kiwandani, na wengi huudhania uvujaji. Uvujaji wa kweli unatoka kichwani au unakula shaba miguuni.

Fyuzi niliipima pia, ya ampea 3.15, ikawa nzima. Ingekuwa imeungua ikaacha weusi ndani ya kichupa, ningetafuta kwanza dayodi au mosfeti (swichi ndogo ya umeme kwenye bodi) iliyoshoti, maana fyuzi mpya ingeungua papo hapo. Na fyuzi haifungwi waya wala karatasi ya sigara. Nimeona bodi zilizoungua hadi plastiki kwa ajili hiyo.

Vipuri ndivyo vilivyotuchelewesha. Madukani mjini nilipata kapasita za nyuzi 85, nzuri kwa redio lakini si kwa kazi hii. Fundi mmoja rafiki alinipa za kutoa kwenye bodi kuukuu, nikamshukuru nikaziacha, kwa sababu kapasita iliyotumika imeshakula sehemu ya saa zake na hujui zimebaki ngapi. Nikaagiza Kariakoo, zikaja kwa basi. Nilitaka za nyuzi 105, za aina yenye ukinzani mdogo wa ndani inayotengenezwa kwa ajili ya pawa saplai. Volti inaweza kuwa ileile au juu zaidi, kamwe isiwe chini. Za volti 16 niliziwekea za volti 25. Maikrofaradi zibaki zilezile. Kimo nacho kina maana, kwani kapasita ndefu mno itagusa bati la kukinga ukishafunga. Zilipofika nilizipima kabla ya kuziweka, kwa kuwa sokoni zipo zenye maganda makubwa na kitu kidogo ndani. Ya 1,000 inaruhusiwa kusoma kati ya 800 na 1,200. Moja ilisoma chini ya 600, nikaitenga, na bahati nzuri nilikuwa nimeagiza za akiba.

Kuzing'oa za zamani kuna kajanja ambako kameniokolea bodi nyingi. Risasi ya kulehemu ya kiwandani ya miaka ile, ingawa tunaiita hivyo, haina madini ya risasi ndani yake na inayeyuka kwenye nyuzi 217 na kuendelea, na shaba pana ya bodi inanyonya joto lote. Chuma cha kulehemu cha wati 40 kinahangaika. Ukiongeza kwanza tone la waya wa kawaida wa kulehemu wa 60/40 (bati 60, risasi 40), unaoyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190, mchanganyiko unalainika upesi. Unapasha mguu mmoja, unaiegemeza kapasita upande, unahamia mguu wa pili, unaiegemeza kinyume, hadi itoke yenyewe. Ukivuta kabla risasi haijayeyuka, kile kiduara cha shaba kinabanduka na bodi, na hapo unaanza kazi ya kuunga waya. Tundu likibaki limeziba, nalipasha na kuchomeka kijiti cha meno. Mti haushiki risasi, kwa hiyo ukipoa unautoa na tundu liko wazi.

Mstari mweupe ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi, na kwenye bodi ile nusu duara iliyopakwa rangi ndiyo hasi. Hata hivyo nilipiga picha ya bodi kwa simu kabla ya kung'oa chochote, kwa sababu baadhi ya viwanda huchora kinyume. Kapasita iliyowekwa kinyume, hasi mahali pa chanya, hupasuka, tena kwa kishindo.

Wakati bodi iko mkononi tuliifuta vumbi kwa brashi laini ya rangi, kisha spiriti na mswaki pale nilipolehemu. Vumbi la Dodoma likiwa kavu halina neno kubwa zaidi ya kuzuia joto. Shida inakuja Desemba mvua zikianza. Linanyonya unyevu, na karibu na transfoma za inveta umeme wa juu unaanza kuruka juu yake kwa mlio wa tiki tiki. Kijana alipasafisha pale kwa uangalifu kuliko ningepasafisha mimi.

Kuwasha mara ya kwanza nilipitisha umeme kwenye balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na bodi yako imepona. Yetu iliwaka mara moja ikafifia. Nikapima kwenye plagi inayokwenda bodi ya picha: volti 5.1 na 12.6, zimetulia. Pale inakochomekwa mirija sikuweka mita, wala mtu asiweke, maana mita ya kawaida haihimili volti zile. Balbu nikaitoa, tukaunganisha kompyuta, picha ikatokea. Sekunde mbili zikapita. Tukaiacha inawaka mchana kutwa, bati na fremu vimefungwa kama kawaida, kwa kuwa kosa la kapasita mara nyingi hujificha hadi bodi ipate moto.

Mama mdogo alipokuja kukichukua alifurahi, kisha akaonesha kona ya chini kulia iliyokuwa na umanjano.

"Na hapa baba, hupaguzi?"

Nilimwambia hapana. Huo ni umri wa mirija. Kila mrija ni kioo chenye upana wa milimita mbili au tatu tu, kinavunjika kwa kupinda kidogo, na ndani yake kuna zebaki, ambayo siitaki kwenye nyumba yenye watoto. Barua zake zitasomeka vilevile. Nilichomwomba ni kukisogeza kioo kutoka ukutani angalau kiganja kimoja, kuyapiga brashi matundu ya nyuma kila vumbi linapotanda, na umeme ukikatika achomoe plagi, asiirudishe hadi taa za dukani zitulie kwa dakika tano. Aliandika yote matatu nyuma ya risiti, akakifunga tena kwenye khanga.