Akili ya binti na mkondo anaouchagua

Tangu wanafunzi wa Gredi ya 9 waanze kuchagua mikondo ya masomo ya sekondari ya juu, nimesikia mara nyingi hapa Mombasa, hata kwa wazazi ninaowaheshimu, kwamba uhandisi si wa mabinti kwa kuwa akili ya mwanamke haiwezi michoro. Maneno hayo yananiuma, na ningependa kuyajibu kwa yale yaliyokwisha kupimwa.

Tofauti ipo, wala sioni haja ya kuificha. Katika jaribio la kuzungusha umbo akilini, lililotokana na utafiti wa wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler wa mwaka 1971, mtu huonyeshwa michoro miwili ya michemraba iliyounganishwa, akaamua kama ni umbo lile lile lililogeuzwa. Wanaume, kwa wastani, hufanya vizuri zaidi. Katika ufasaha wa maneno, wanawake ndio wanaotangulia kidogo. Lakini huo ni wastani wa makundi yanayoingiliana kwa sehemu kubwa, na haumwambii mwalimu uwezo wa mwanafunzi aliyeketi mbele yake. Kwenye hisabati yenyewe, mwanasaikolojia Janet Hyde na wenzake walipochambua mitihani ya mamilioni ya wanafunzi wa Marekani mwaka 2008, pengo lilikaribia sufuri.

Isitoshe, uwezo huo wa kuzungusha maumbo hukua kwa mazoezi. Jirani yangu wa Makadara hushona mabuibui: hutandaza kitambaa mezani, akakikunja mara mbili, kisha akakata mikono na makwapa bila kuchora mstari, kwa kuwa tayari anaona kichwani jinsi vipande vitakavyokaa mwilini. Hakuna mtaani petu anayesema kazi hiyo inamshinda mwanamke.

Pengo kubwa zaidi limeonekana kwenye mapendeleo: kwa wastani, wanaume huvutiwa zaidi na kazi za vifaa, na wanawake na kazi za watu. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha hayo kinatokana na maumbile na kiasi gani na malezi. Ninachokiona majumbani ni kwamba kaka hupewa jenereta aifungue, dada yake akaitwa jikoni, kisha wote wawili wakaulizwa wanapenda nini. Binti aliyesoma hapa kabla ya Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa rubani wa meli, yaani mwongozaji wa meli zinazoingia na kutoka bandarini, angelipendaje kazi ambayo hakuwahi kumwona mwanamke mwenzake akiifanya kwenye bandari ya Kilindini?