Rambo za Soweto

Nilihamia Mbeya Juni 2018 nikitokea Eldoret, mume wangu ni mtu wa Tukuyu. Kila mtu alikuwa ananitisha na baridi ya huku, mara uje na masweta, mara utaganda, ila Eldoret nako si joto so hiyo haikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni soko.

Wifi yangu ndo alinipeleka, soko la Soweto, asubuhi. Njiani kila mtoto tunayepishana naye anatoa shikamoo, mi nageuka nyuma nione huyo mzee ni nani, kumbe ni mimi, na nilikuwa sijafika hata 30 jamani. Afu bei sasa. Fungu la nyanya mia tano! Kwetu mia tano unabeba nyanya mpaka zinaozea ndani. Kipindi kile shilingi 1 ya Kenya ilikuwa kama 22 za huku, so kila meza nasimama kwanza nagawanya kichwani, midomo inacheza, mpaka wifi akaniuliza, "Wifi, unasali?"

Basi mama wa nyanya akachomoa karambo keusi, kamfuko ka plastiki kale kembamba ambako mpaka ukapulize ndo kafunguke, akatia nyanya, akaongeza mbili za nyongeza, akapiga fundo. Mama wa vitunguu na lake. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wakatiwa marambo mawili sababu ya harufu. Na vitoto vinakatiza katikati ya watu na marambo yamening'inia mkononi vinauza, mchana kweupe, mi naangalia huku na huku naona tunakamatwa wote.

Muelewe natoka wapi. Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na haikuwa masihara, ukishikwa nayo faini ni milioni 2 mpaka milioni 4 za Kenya, ama jela mwaka 1 mpaka 4, ama vyote. Sokoni nilishazoea kwenda na kiondo changu, na siku hiyo nilikuwa nacho begani.

Nikamuuliza yule mama wa nyanya, "Mama, hii hawakukamati?"

"Nani anikamate?"

"Polisi. Kwetu ukishikwa nayo ni faini."

"Shilingi ngapi?"

Nikapiga hesabu tena. "Inaweza kufika kama milioni 90 za huku."

Weee! Aliweka chini nyanya alizoshika akaita meza ya pili, "We mama usipa, njoo usikie huku, milioni 90 kwa rambo! Hiyo hela ningekuwa nayo si ningenunua Fuso, nimekaa hapa nafanya nini?" Wakacheka pale, mi nikamwambia basi zitie tu kwenye kiondo, akakataa katakata. "Viazi vitaziponda mwanangu, mumeo utampikia uji wa nyanya?"

Tukapanda bajaji. Kufika Mafiati trafiki kasimama, mi nikavuta kitenge nikafunika marambo yote mapajani. Dereva akaniangalia kwa kioo, nadhani alijua nimebeba bangi. Wifi hakunisaidia hata kidogo, alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na jioni stori ikasimuliwa upya kwa mume wangu, kwa mama mkwe, kwa yeyote aliyepita kuja kumwona bibi harusi wa Kenya.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni 2019, Tanzania nayo ikapiga marufuku. Faini ya kukutwa nayo ilikuwa elfu 30 mpaka laki 2 au jela isiyozidi siku 7, kwa kweli walituhurumia. Nilipoenda Soweto yule mama aliniona toka mbali akaanza kupaza sauti, "Haya, yule Mkenya wa milioni 90 huyo anakuja, yeye ndo katuletea haya mambo!" Vile vitoto vishahamia kwenye mifuko ya kitambaa, vinauza kwa bei ambayo zamani ungepata marambo kibao. Nikamwambia mama mi si serikali, mi nataka nyanya tu. Akanipimia, akanimiminia kwenye kiondo bila kujali viazi viko wapi, na siku hiyo nyongeza alininyima.