Ijumaa na Hajja

Waliopitia madrasa watanielewa haraka. Nilikhitimu msahafu nikiwa bado binti mdogo, najua pa kuvuta na pa kuficha nuni, na nikisoma mbele za watu husifiwa sauti. Lakini ungeniweka na Mwarabu tuzungumze habari ya mvua, ningebaki kimya. Kiu hiyo ndiyo iliyonipeleka Amman kusoma Kiarabu, na chuo kikanipangia kukaa na familia ya Kipalestina, mtaa wa Jabal al-Hussein, ghorofa ya tatu, matangi ya maji yamepangwa juu ya paa.

Nyumbani walikuwa baba, mama, vijana wawili wa kiume na Hajja, mama yake baba. Hajja alizaliwa Bayt Dajan, kijiji cha karibu na Jaffa kilichosifika kwa machungwa na kwa nguo zilizotariziwa na wanawake wake. Alikuwa na miaka 7 kijiji kilipobaki bila watu, Aprili 1948. Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makwao katika vita vya mwaka huo kati ya Waarabu na Waisraeli. Wazazi wake walihangaika naye mpaka kambi ya Aqbat Jabr, karibu na Yeriko, na vita vya 1967 vikawavusha tena, safari hii ng'ambo ya mto Yordani. Wana uraia wa Yordani kama Wapalestina wengi wa hapa. Watoto wamesomea hapa, wanafanya kazi hapa. Ukimuuliza Hajja kwao ni wapi, hataji Amman.

Darasani asubuhi tulisoma fus-ha, Kiarabu cha vitabu na cha taarifa ya habari. Nikirudi nyumbani mambo yanabadilika. Chukua herufi ya qaf peke yake. Mwalimu huitamka kutoka kooni, vilevile tulivyofundishwa na maustadhi wetu. Mama mwenye nyumba huimeza, ndivyo wasemavyo watu wa mijini. Vijana wakiwa na wenzao barabarani huifanya g. Hajja huifanya k, kama wanavijiji wengi wa kwao, halafu kaf yenyewe akaigeuza ch. Kwa hiyo mezani lahaja tatu zinapishana, na ya nne nimeiacha darasani. Wiki za mwanzo nilichovya mkate wangu kwenye mafuta ya zeituni na zaatar, mchanganyiko wa viungo vikavu, nikasikiliza.

Mama, ambaye nilimwita khalto, yaani mama mdogo, naye akinijibu kwa jina hilohilo, alinifundisha kwa kazi. Amman maji ya bomba hayaji kila siku. Kwetu yalikuja siku moja ya wiki, na siku hiyo nyumba nzima inafua, inapiga deki, inaosha mazulia. Vitenzi vya kukamua, kusuuza na kuanika nilivipata mikono ikiwa ndani ya ndoo.

Lakini nikiulizwa nani hasa aliyenifungua masikio, nitamtaja Hajja.

Hajja hajui kusoma. Utoto wake ulikwenda kambini, na waliopelekwa shule walikuwa kaka zake. Ijumaa moja alinisikia chumbani nikisoma Suratul Kahf, sura ya Pango, akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia nianze upya. Nilipomaliza ukurasa wa kwanza akaniwekea mkono gotini: "Fhimti, ya sitti?" Umeelewa, bibi yangu? Wapalestina wazee ndivyo walivyo, bibi humwita mjukuu kwa cheo chake mwenyewe. Nikamwambia sikuelewa. Akastaajabu kweli. Mtu anasoma vizuri hivi na haelewi? Mimi nilistaajabu vilevile: mtu anaelewa kila neno na hawezi kulisoma?

Basi kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na wali wa maqluba ukiwa jikoni, tulikaa sebuleni na chai ya majani ya maramiyya. Nikisoma aya mbili tatu, yeye ananisimamisha na kunisimulia kwa Kiarabu cha kijijini kwao, mpaka aridhike kwamba nimeshika.

Siku tulipofika kwenye kisa cha watu wawili na mabustani, hatukusonga mbele. Aya zinasema mmoja wao alipewa mabustani mawili ya mizabibu, yamezungushiwa mitende, katikati mimea ya nafaka, na mto unapita ndani yake. Hajja alifumba macho aliposikia aya ile. Baba yake alikuwa na bayyara, shamba la machungwa. Akanionyesha kwenye zulia: hapa kisima, hapa mashine ya kuvutia maji, hapa birika kubwa ambalo watoto walikatazwa kuogelea na wakaogelea, hapa mifereji inayopeleka maji kwenye kila mti. Alijua mfereji upi huanza kujaa. Maneno ya umwagiliaji ambayo mwalimu wangu hajawahi kuyatamka nayajua kwa sababu ya zulia lile.

Kisha nikasoma aya ya 42, mwenye bustani akipindua viganja vyake kwa yale aliyoyagharimia, na bustani imeanguka juu ya chanja zake. Hajja akapindua viganja vyake, akanionyesha ndivyo inavyofanywa. Halafu akasema kwa ukali kidogo kwamba yule wa kwenye sura alijivuna, na baba yake hakujivuna. Kila akiingia langoni alisema mashallah. Alilirudia jambo hilo, akinitazama, kana kwamba kuna mtu alikuwa amemshtaki. Sikuwa na Kiarabu cha kumjibu, na hata kwa Kiswahili sijui ningesema nini. Akanipa ishara niendelee kusoma.

Baadaye baba mwenye nyumba alitupeleka kwenye pango lenyewe, upande wa kusini-mashariki ya mji. Watu wa Yordani wengi wanaamini ndilo pango la wale vijana waliolala, ingawa Efeso huko Uturuki nayo ina pango linalodaiwa hivyo. Ndani mna makaburi ya mawe ya kale. Hajja, na thobe yake nyeusi ya kutariziwa, hakukaa sana makaburini. Alinisimamisha mlangoni, akanitaka nisome ile aya ya jua linalolikwepa pango kuliani likichomoza na kuwapita kushotoni likichwa, naye akifuatisha kwa fimbo. Aya hiyo nimeisoma tangu utotoni. Pale ndipo nilipoiona.

Vyuo vingi huihesabu lahaja kuwa kitu cha baadaye, ukishamaliza sarufi. Mimi siafiki. Bila Kiarabu cha Hajja, fus-ha yangu ingebaki ya mtihani. Anayepanga kwenda, aombe nyumba yenye mzee, hata kama chumba ni kidogo na chuo kiko mbali. Madereva wa teksi walinicheka kwa ile ch yangu, kisha wakaniuliza nimekaa na watu wa wapi, na nikitaja Bayt Dajan baadhi yao hupunguza mwendo na kuanza kutaja vijiji vyao.

Siku hizi tunasoma kwa simu, mjukuu mmoja akiishika karibu na sikio lake. Al-Kahf tumeimaliza, tumeingia sura ya Yusuf. Ameniagiza nisikimbie, maana tukifika kisimani ana mengi ya kusema.